Mtoto kaanza la kwanza, wiki ya pili hii kila asubuhi ni kilio. Wazazi wa Mtwara na Lindi nisaidieni

mama_wa_feri (Mtwara mjini)

Kuchele wadau, wakubwa zangu shikamooni. Nina kijana wangu ana miaka 6, kaanza darasa la kwanza mwezi huu. Huyu mtoto kalelewa na bibi yake kijijini huko Newala toka ana miaka miwili, sababu mimi nauza samaki pale feri, saa 11 alfajiri nishatoka. Nimemchukua Desemba ili aanze shule hapa mjini. Darasa la awali alisoma kama miezi mitatu tu, bibi yake akaumwa ikaishia hapo. Kimakonde anakimwaga vizuri sana, Kiswahili anaelewa ila kujibu anaona aibu.

Wiki ya kwanza nilimpeleka mwenyewe, nikaacha biashara, akaenda bila shida. Wiki hii anapelekwa na binti wa jirani yupo la tano, wakifika getini analia anamng'ang'ania dada wa watu sketi. Juzi ndo ikawa balaa, alirudi kaptula imelowa mkojo na wenzie walimcheka, toka siku hiyo ukimtajia shule anaingia uvunguni. Baba yake anasema achapwe ataenda tu, mi moyo unakataa. Yunifomu nimenunua, begi, madaftari, penseli, viatu, kila kitu, nikajua hapo nishamaliza kumbe bado. Nifanyeje jamani?

ticha_mstaafu (Masasi)

Marahaba mwanangu. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, Masasi na baadae Nanyumbu, hilo la mkojo nimeliona kila Januari bila kukosa mwaka. Mtoto wako hana ukaidi. Hajui aombeje ruhusa, na pengine ata choo chenyewe hajui kiko wapi au anakiogopa, maana vyoo vya shule vina kelele na watoto wakubwa wanasukumana. Sasa fanya hivi, leo jioni cheza nae shule hapo uani. Wewe mwanafunzi yeye mwalimu, halafu mbadilishane. Anyooshe mkono aseme "mwalimu naomba kwenda chooni", arudie mpaka aseme bila kukuangalia usoni. Na kesho muwahi, kabla ya kengele umpeleke mpaka chooni aingie wewe upo nje, umwoneshe na pa kunawa.

La pili nenda kaonane na mwalimu wake wa darasa. Usiende kulalamika, mwambie tu huyu mwanangu katoka kwa bibi yake, Kiswahili chake bado kinakuja, na juzi alijikojolea akachekwa, naomba akae mbele karibu na wewe. Mwalimu mwenye watoto themanini, tisini mbele yake hawezi kuyajua hayo asipoambiwa. Mimi nilikua nakuja kujua mwezi wa tatu kwamba mtoto fulani kumbe hakua mjinga, alikua haelewi nnachosema.

Na Kimakonde msimkataze! Nawaomba sana wazazi, mtoto ukimwambia acha kikwenu anafunga mdomo lugha zote mbili. Muulize kwa Kimakonde leo mmefanya nini, akishamaliza kukuhadithia mwambie haya nihadithie tena kwa Kiswahili, anajikuta maneno yanatoka. Kuhusu kusoma, wengi mnawafundisha watoto "a be che de" za zamani, akija shule anafundishwa sauti, herufi m inatamkwa mmm halafu inaungana na a inakua ma, sasa yeye kashakariri "em" anachanganyikiwa. Mwombe mwalimu akuoneshe anavyotamka ili nyumbani muwe kitu kimoja. Kuandika asianze na daftari, aandike kwa kidole kwenye mchanga, mkono ulainike kwanza.

Fimbo hapana. Ukimchapa kwa ajili ya shule anajifunza kwamba shule ndo inamletea fimbo.

baba_wawili_nachi (Nachingwea)

Shikamoo mwalimu. Dada pole sana. Mi naongezea kwa upande wetu wababa, maana hapo umesema baba yake kasema achapwe. Mi nilikua hivo hivo kwa mwanangu wa kwanza. Januari huku kwetu mvua ndo imekolea, palizi imetubana, familia nzima tukahamia shamba tukalala dunguni, mtoto alikua kaandikishwa la kwanza tukasema atakuja tu, bado mdogo. Alikuja kuanza mwezi wa pili katikati. Wenzie washajua irabu zote wanaunganisha ba be bi bo bu, yeye anaangalia tu. Akawa mtoro mpaka la tatu, na nilimchapa sana kwa utoro ambao mwenyewe ndo niliuanzisha, mpaka leo naumia nikikumbuka.

Huyu wa pili nilibadilika. Hela ya korosho malipo yalipoingia kutoka AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, nilinunua sare na madaftari siku hiyo hiyo, mwezi wa 11, kabla sherehe hazijaanza, maana Desemba ndo jando, ndo unyago, ngoma kila kijiji, hela inapita kama upepo. Watu wanasema elimu bila ada toka 2016 basi mzazi kazi yake imeisha, ada kweli hakuna lakini sare, daftari na chakula bado ni juu yetu. Na kama mtoto anaingia jando apelekwe likizo inapoanza tu, apate muda wa kupona na kupumzika, sio shule zinafunguliwa ndo katoka juzi.

Kitu kingine kilichonisaidia, kuhesabu alijifunza kwenye korosho. Tunakaa barazani natenga mafungu, haya hili lina ngapi, ongeza mbili, toa tatu. Nusu saa tu. Dada mwambie shemeji ampeleke hata siku mbili kwa wiki, mtoto wa kiume akishikwa mkono na baba yake mpaka getini anajiona mtu.

kijana_wa_mikindani

Mtafutie tuisheni ya jioni mama, mpaka mwezi wa tatu anasoma vizuri tu kawazidi wote

mamaShuu (Mtama)

Kaka hapo mi nakataa. Mtoto wa miaka 6 katoka shule mchana na njaa na usingizi, unamrudisha tena akakae kwenye benchi mpaka magharibi? Anaichukia shule kabisa. Aende akacheze, ale, alale mapema, saa 2 usiku awe kitandani ndani ya neti, mvua hizi mbu wamejaa na malaria ikimshika ni wiki nzima hayupo darasani.

Dada mi nakuuliza, asubuhi anakula nini? Wewe unatoka saa 11, huyo binti wa jirani anamchukua saa ngapi, anakunywa chai wapi? Wangu alikua analia hivo hivo kumbe ni njaa, shule yao uji ulikua bado haujaanza kupikwa mwanzo wa mwaka, michango haijakamilika. Nikawa nachemsha muhogo usiku nafunika, asubuhi anakula viwili vitatu na chai ya moto, kilio kikapungua. Na siku ukimsindikiza usimtoroke, wengi tunasubiri ageuke tunakimbia. Muage, mwambie narudi muda fulani, na urudi kweli.

Halafu mchunguze macho na masikio. Wa dada yangu aliitwa mzito darasani mwaka mzima, kuja kupelekwa hospitali ubao alikua hauoni.

mama_wa_feri

Jamani asanteni sana, mwalimu shikamoo tena na Mungu akuweke. Naandika leo Alhamisi. Ile ya kucheza shule tumefanya siku tatu, anapenda akiwa mwalimu, ananigombeza "kaa chini wewe" kwa Kimakonde nikacheka mpaka machozi. Mwalimu wake nimeonana nae, kumbe na yeye ni wa kule kule Newala, akamsalimia kwa kilugha, mtoto akatoa macho hajaamini. Kamuhamishia dawati la mbele.

MamaShuu umenigusa, nilikua namwachia mia mbili anunue maandazi kumbe wakubwa wanamnyang'anya njiani. Sasa hivi nabandika uji kabla sijatoka nauweka kwenye chupa, binti wa jirani anakunywa nae pamoja. Baba yake kamsindikiza jana na leo. Leo kalia kidogo tu pale getini, halafu kaingia mwenyewe.

Mwalimu naomba swali moja la mwisho, anashika penseli kwa mkono wa kushoto, bibi yake alikua anamfunga kitambaa mkono huo. Nimwache?

ticha_mstaafu (Masasi)

Mwache mwanangu, kitambaa asifungwe tena. Mwambie mwalimu wake amkalishe upande wa kushoto wa dawati asigongane kiwiko na mwenzie, na daftari alilaze kidogo kuelekea kulia.