Sungura tisa wameachwa Nkuhungu, niwapeleke wapi?

Mpangaji wa Nkuhungu aliandika:

Wadau habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa wote.

Niko hapa Dodoma, Nkuhungu, nyumba ya kupanga. Jirani tuliyekuwa tukichangia naye uwanja alikuwa anafuga sungura. Alianza kwa mkataba na kampuni fulani iliyokuwa inauza sungura wa mbegu kwa ahadi kwamba watoto wakikua itawanunua yenyewe. Watoto wakakua, mnunuzi hapokei simu. Baadaye jirani akapata uhamisho, akaondoka na familia na kuniomba niwaangalie mpaka atume mtu wa kuwachukua. Mtu hajatumwa. Nikimpigia sasa jibu ni moja tu: wagawe.

Wako tisa, wakubwa wanne na wadogo watano ambao hawajazidi ngumi mbili. Wote wamo kwenye banda moja, bati juu, wavu chini. Mwenye nyumba anataka banda livunjwe mwisho wa mwezi, na anasema kuna jamaa wa nyama choma atawabeba wote kwa mkupuo. Sina ugomvi na anayekula sungura. Ila hawa wamezoea watu, ukifungua mlango wanakuja wenyewe, na watoto wa jirani waliwapa majina wote tisa. Natamani waende kwa watu wa kuwafuga.

Nimeshatangaza kwenye grupu la mtaa. Kuna mtu anataka watatu leo leo, anasema ni zawadi ya watoto. Nimpe? Halafu kuna mweupe mmoja mkubwa anatikisa kichwa na kukuna sikio kutwa, na ndani ya sikio kuna ukurutu wa kahawia umejaa. Na kwa joto hili la Novemba, ikifika saa nane mchana wote wanahema mbio mbio. Naomba msaada wa anayejua.

Mwana wa Chamwino alijibu:

Pole kaka. Mimi ningewapeleka upande wa Mlimwa kwenye vichaka nikawaachia. Majani yapo, watajitafutia. Sungura asili yake ni porini.

Mama wa Ipagala alijibu:

Marahaba mwanangu. Mimi napokea sungura na simbilisi walioachwa hapa Ipagala, na wengi wamenifikia kwa njia hiyo hiyo ya mikataba ya kununuliwa. Kwa hiyo soma taratibu.

Kwanza niseme na kijana wa Chamwino. Tafadhali mwenzako asifanye hivyo. Sungura tunaofuga asili yao ni Ulaya. Wale unaowaona wakikatiza barabara usiku huku kwetu ni wanyama wengine kabisa, wana miguu mirefu na watoto wao huzaliwa na manyoya na macho wazi. Huyu wa bandani amezaliwa kwenye kizimba, hajui mwewe, hajui nyoka, hajui mbwa, na Novemba hakuna jani bichi mlimani wala tone la maji. Mweupe mwenye macho mekundu anaonekana kutoka mbali. Hatamaliza siku mbili. Ukimwachia porini umemuua, na kifo chake kibaya kuliko kisu cha yule jamaa wa nyama choma.

Sasa wewe wa Nkuhungu. Yule wa watatu leo leo usimpe. Usimpe mtu yeyote mpaka umewatenganisha madume na majike. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ile ile aliyozaa. Hao tisa wakibaki pamoja, mwisho wa mwezi unaweza kuwa unagawa zaidi ya ishirini. Na ukimpa mtu dume na jike bila kujua, shida uliyonayo wewe leo umeihamishia kwake, naye mwakani atakuwa hapa anauliza swali kama lako.

Namna ya kuwatambua: kaa chini kabisa, kwenye mkeka, ili akijirusha asianguke kutoka juu. Mlaze mapajani, kichwa kiegemee tumboni kwako, mkono mmoja ushikilie mgongo na makalio. Asibebwe kwa masikio hata mara moja. Na miguu ya nyuma usiiache ininginie, maana akipiga teke hewani anaweza kuvunja uti wake mwenyewe. Kwa vidole viwili bonyeza polepole juu na chini ya kitundu cha mkojo. Dume, kinachomoza kimrija chenye tundu la duara. Jike, unaona mpasuko mrefu unaoelekea nyuma. Kwa wakubwa utaona na korodani. Kwa wadogo mwanga uwe mzuri na urudie kesho yake, kwa sababu hata sisi wenye uzoefu wa miaka huwa tunarudia.

Madume wakubwa kila mmoja akae peke yake. Watapigana, na wanapigana kwa kung'atana sehemu za siri. Majike ndugu waliokua pamoja wanaelewana vizuri, hao ndio wa kutoa wawili wawili. Wale wadogo waache pamoja kwa sasa, ila kabla ya miezi mitatu nao watenganishwe.

Hilo likiisha ndipo uwafikirie wachukuaji. Kila mtu atakuambia anapenda sungura, kwa hiyo hilo usilihangaikie. Mimi huuliza nani atamlisha mwenyewe akisafiri kwenda kwao Krismasi. Huuliza kama kuna mbwa uwanjani, kama mwenye nyumba anajua, na kivuli kiko upande gani wa banda saa tisa alasiri. Mtu aliyejiandaa anajibu papo hapo. Halafu naenda kuliona banda kabla mnyama hajatoka kwangu, hata kama ni Nzuguni. Anayekataa nisifike kwake, nami simpi.

Sichukui hela. Namwambia aje na nyasi alizokata au kununua mwenyewe, gunia moja. Huyu amejua tayari nyasi zinapatikana wapi kiangazi hiki, na hapa Dodoma hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mvua hazijaanza, na kuanzia Agosti bichi ni za kutafuta. Wengi tunanunua marobota ya nyasi kavu yanayotoka upande wa Kongwa. Asiyejua hilo atamlisha pumba mwezi mzima, na pumba tupu ndiyo inayowaua sungura wengi huku mjini. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, yanasuguliwa na nyasi. Tumbo nalo linataka nyasi zipite muda wote. Hawezi kutapika, na akikaa nusu siku hajala wala hajatoa kinyesi, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi.

Juu ya nyasi, wape kidogo matembele, majani ya mlonge, majani ya karoti. Majani ya mzabibu wanayapenda sana, na wakati wa kupogoa utapewa bure shambani, lakini muulize mwenye shamba amepuliza nini na lini. Kama hana uhakika yaache. Majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo wasiyaguse.

Huyo wa zawadi ya watoto mwambie kwamba sungura akitunzwa anafika miaka minane hata kumi. Mtoto wa darasa la tatu leo atamaliza kidato cha nne sungura bado yupo. Akisikia hivyo na bado anamtaka, mpeleke kwenye maswali. Shule pia ziliwahi kuniomba nikakataa. Muhula ukiwa wazi kila mtoto anataka kumlisha, likizo ikianza hakuna wa kufungua geti.

Mifugo Mpwapwa alijibu:

Mama amemaliza mengi. Mimi nilisomea mifugo Mpwapwa na ninafanya kazi kata moja hapa Dodoma, niongeze ya dawa na joto.

Ukurutu huo kwa maelezo yako ni utitiri wa masikio. Unaambukiza, mweupe umtoe leo akae mbali na wenzake. Usiuchokonoe ukurutu kwa pamba wala kijiti. Chini yake ni kidonda, na ukiubandua anaumia sana. Dawa ikifanya kazi unakauka na kudondoka wenyewe. Tiba ya kawaida ni sindano ya ivermektini chini ya ngozi, na kurudiwa baada ya siku 14. Sasa sikiliza vizuri hapa. Ile chupa ya dukani ya asilimia 1 imetengenezwa kwa ng'ombe na mbuzi. Sungura wa kilo mbili kipimo chake hakifiki hata moja ya kumi ya mililita. Inatakiwa bomba dogo la insulini na mzani. Usikadirie kwa macho, mwite afisa mifugo wa kata yako ampime na kumchoma yeye. Waliokaa naye banda moja nao wakaguliwe masikio.

Usikubali mtu akuuzie dawa ya kupuliza ya viroboto vya mbwa yenye fipronili, inaua sungura. Usimpe amoksilini ya kunywa hata kama una vidonge vimebaki nyumbani. Inaua bakteria wazuri wa tumboni, sungura anaharisha na kufa. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimmwagie.

Joto. Sungura hatoki jasho, joto analitoa kwa masikio na kwa kuhema. Kuanzia nyuzi 30 yuko kwenye hatari, na Dodoma mwezi huu mchana tunazivuka. Bati peke yake ni tanuri. Weka juu yake matawi au nyasi nene, ning'iniza gunia lililoloweshwa upande upepo unakotokea, na ujaze maji kwenye chupa za plastiki uzigandishe, uzifunge kitambaa na kuwawekea bandani. Watazilalia wenyewe. Ukimkuta amelegea, pua imelowa, masikio yanawaka moto, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida. Usimtumbukize kwenye maji ya baridi, mshtuko utammaliza.

Na kwenye wavu weka kipande cha ubao cha kukalia. Wavu mtupu unawachubua visigino.

Mfugaji Singida alijibu:

Mimi nafuga wa kuuza nyama na siwezi kumsema vibaya mwenye nyumba. Ila naungana na mama: kila mmoja ajue anatoa mnyama kwa kazi gani. Kuna watu watakuja na maneno matamu ya kufuga, Jumapili yuko kwenye sufuria. Jirani zangu Wasabato hawali sungura kabisa, kwa Mambo ya Walawi 11, na nimewapa wa kufuga tu, wanawatunza vizuri sana. Waulize na wa huko kwenu. Halafu, aliyechomwa sindano, yeyote anayemchukua aelezwe, kwa sababu nyama yake haifai mpaka muda wa dawa upite.

Mpangaji wa Nkuhungu aliandika:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mweupe nimemtoa, afisa mifugo anakuja kesho. Nimewakagua na dada yangu: wakubwa ni madume wawili na majike wawili. Yule wa watatu nilipomuuliza maswali ya mama akasema atanipigia, hajapiga.

Ila jike mmoja wa kijivu tangu jana anajinyonyoa manyoya ya tumboni na kubeba nyasi mdomoni. Ni ugonjwa?

Mama wa Ipagala alijibu:

Si ugonjwa mwanangu, anatandika. Atazaa leo usiku au kesho. Mtafutie boksi gumu la mbao au katoni nene, akiingia ageuke tu, jaza nyasi kavu, na manyoya aliyonyonyoa yaingize humo. Liweke kona yenye giza. Madume wasiwe hata banda la pili la kugusana naye.

Akishazaa kagua mara moja, toa waliokufa kama wapo, funika, ondoka. Watoto wa sungura huzaliwa uchi na macho yamefumba, yanafumbuka siku ya kumi au kumi na mbili. Mama yao hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, mara nyingi usiku. Kwa hiyo ukikaa mchana kutwa humwoni akiwakaribia usiseme amewatelekeza na kuanza kuwapa maziwa ya ng'ombe. Angalia matumbo asubuhi. Yakiwa yamejaa na duara, wananyonya. Yakiwa yamenywea na ngozi ina mikunjo, nipigie.

Huyo hatolewi kwa mtu mpaka watoto wafike wiki nane. Zungumza na mwenye nyumba akuongeze muda kwa banda la huyo mmoja tu, mwambie wengine wanaondoka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayemshikilia mnyama amtunze, lakini usianze na sheria. Anza na kumwomba. Akikataa, nitampokea pamoja na boksi lake.

Kijana wa UDOM alijibu:

Shikamoo mama. Mimi nina simbilisi wawili nimeachiwa na aliyemaliza chuo. Naweza kuchukua sungura mmoja akae nao?

Mama wa Ipagala alijibu:

Marahaba. Hapana baba. Teke la sungura linamvunja simbilisi mbavu, na chakula chao hakifanani. Simbilisi mwili wake hautengenezi vitamini C, anahitaji kipande cha pilipili hoho au majani mabichi kila siku, bila hivyo viungo vinavimba na fizi zinatoa damu. Baki na hao wawili, ukague kama nao si dume na jike.

Nkuhungu, wale wadogo watano nileteeni Jumamosi, nina familia mbili zimeshajenga banda na nimeshayaona, moja Kisasa na nyingine Miyuji. Njoo kabla ya saa mbili asubuhi jua halijachoma. Waweke kwenye tenga lenye nyasi na jani la tembele, siyo kwenye kiroba wala boda isiyo na kivuli. Uje na pumba wanayokula sasa, walau kilo, tutaipunguza kidogo kidogo wiki nzima huku tukiongeza nyasi. Madume wawili bado sijawapatia watu. Nani yuko tayari, aseme hapa hapa, na aseme banda lake liko wapi.