Ushauri: kijana wangu yuko kwenye majaribio Southampton, fomu imenishinda

Mwana wa Pangani: Ndugu zangu, habari za jioni. Naishi Southampton na kijana wangu wa miaka 14, ambaye skauti, yaani msaka vipaji, alimwona katika mechi ya shule, na sasa anafanya majaribio kwenye akademia ya klabu ya soka ya Southampton. Furaha imeninyima usingizi, maana hapa ndipo walipolelewa Alan Shearer, Theo Walcott na Gareth Bale. Kuna fomu inayotaka habari za wazazi. Je, niijaze mwenyewe au nitafute wakili?

Mama Zuhura: Hongera sana, baba. Mimi nauliza habari ya masomo. Wanaobakizwa wakifika miaka 16 hupewa mkataba wa miaka miwili wa mafunzo, na wengi huachwa unapokwisha. Mdogo wangu aliachwa na klabu moja akiwa na miaka 18, akajifungia chumbani mwezi mzima. Vyeti vyake vya shule ndivyo vilivyomfungulia njia ya ufundi umeme.

Kipa Mstaafu: Klabu hiyo huwaamini watoto kweli. Walcott aliingizwa uwanjani mwaka 2005 akiwa na miaka 16, na Luke Shaw aliuzwa Manchester United mwaka 2014 kabla hajatimiza 19. Mimi niliipenda tangu Victor Wanyama alipojiunga nayo mwaka 2013, ingawa yeye alifika akiwa ameshakomaa, akitokea Celtic. Lakini ndugu, fomu ya kawaida ikushinde kwa nini? Kuna jambo hujalisema.

Mwana wa Pangani: Ni kweli. Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na mama yake yuko Tanga. Nimemlea tangu ana miaka mitatu, nikaja naye huku nilipopata kazi ya kutunza wazee. Kwenye nafasi ya baba nimeshaandika jina langu, ila sijaituma. Kwetu baba mdogo ni baba, kwa hiyo sioni uongo hapo.

Bandari Kuu: Kwetu ndiyo, lakini fomu haisomwi Pangani. Kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho za FIFA kinazuia usajili wa mchezaji wa kigeni aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa wazazi wake wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Neno lililoandikwa ni wazazi. Waeleze klabu ukweli mapema, ukiwa na cheti cha kifo na hati za ulezi, kwa sababu jina likigunduliwa baadaye atakayeumia ni mtoto.

Mdadisi: Mimi naona hadithi hii imetungwa. Mwanzo alikuwa kijana wako, sasa amekuwa yatima, na kesho tutaombwa mchango wa wakili.

Mwana wa Pangani: Sihitaji senti ya mtu. Jana jioni alirudi kutoka Staplewood, viwanja vya mazoezi vilivyoko Marchwood, viatu vimelowa chapa, akavijaza magazeti na kuvipanga kando ya hita. Kisha akaiona fomu mezani, akaisoma hadi chini, akaniuliza kwa nini jina la baba yake halimo. Sikuwa na jibu. Bandari Kuu, leo asubuhi nimewaomba fomu nyingine. Tafadhali niandikie tena ni hati zipi nitangulize.