Cessna 172 ya 1966 kutoka Mtwara hadi Moshi: ukaguzi, mafuta na njia

Mrukaji_Kiboriloni
Wakuu heshima kwenu. Nimelipia Cessna 172 ya mwaka 1966, injini Continental O-300 ya nguvu farasi 145. Ipo Mtwara, haijaruka miezi 14, na cheti cha kustahili kuruka kimeisha muda. Nataka kuileta Moshi kwa njia ya pwani: Mtwara, Dar, kisha nifuate reli ya Tanga. Nina leseni binafsi na saa 210, nyingi kwenye 172 zenye injini ya Lycoming. Kipi kifanyike kabla haijaondoka Mtwara? Mafuta nayapangaje? Na siku moja inatosha?

Fundi_Karanga
Hongera mkuu. Anza na karatasi. Cheti kikiwa kimeisha unahitaji kibali maalumu cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania) cha safari hiyo, na hakitoki mpaka fundi mwenye leseni aikague ndege na kuweka sahihi. Kwa kawaida kibali hicho hakiruhusu abiria, kwa hiyo shemeji apande basi. Soma bima pia: jina lako liwemo, na safari ya kibali maalumu iwe imetajwa humo. Bima nyingi hufa pale cheti kinapokufa.

Sasa injini. Miezi 14 ya hewa ya chumvi si mchezo. Nafuu yako ni kwamba kwenye Continental kemshafti (mhimili unaofungua vali) iko chini ya krenki (mhimili unaozungusha propela), haikauki oili haraka kama ya Lycoming iliyo juu. Silinda hazina nafuu hiyo. Kabla propela haijazungushwa hata kwa mkono, toa plagi zote 12, ingiza kamera ndogo, tazama kuta za silinda na vali za ekzosi. Kutu ya juujuu inavumilika, vishimo havivumiliki. Kisha mimina oili kidogo kila silinda, zungusha polepole, badilisha oili yote, iwashe mpaka ipate moto, ndipo upime kompresheni. Ukiingiza hewa ya shinikizo la psi 80, silinda ikashika chini ya 60, sikiliza inavujia wapi: ikipumulia kwenye ekzosi ni vali, ikipumulia kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi. Ya vali ndiyo inayokuangusha njiani.

Injini hizi nyingi zina chujio la waya tu. Litoe, lioshe kwenye sahani nyeupe, pitisha sumaku. Rudia baada ya saa ya kwanza ya kuruka.

Mabomba ya mpira ya mafuta na oili yasiyo na tarehe yahesabu yamekufa, weka mapya. Tazama tundu la hewa la tangi, nyuma ya mhimili wa bawa la kushoto. Nyigu wanalipenda, wanalipenda na bomba la kipima mwendo. Tundu likizibwa na udongo wao, mafuta yanaacha kushuka huku geji inasoma nusu. Na reli za viti! Kiti cha rubani kikiteleza nyuma wakati wa kupaa, unaenda nacho huku umeshika usukani, pua inanyanyuka. Kagua matundu na pini zake. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ina agizo maalumu juu ya jambo hili, fundi wako analijua.

Safari ya kwanza isiwe ya kurudi nyumbani. Zunguka juu ya uwanja wa Mtwara dakika 45, tua, fungua kofia ya injini, futa, tafuta kinachovuja. Kesho yake rudia.

Kusi_na_Kaskazi
Fundi kamaliza ya chini, mimi niseme ya juu.

Mtwara hadi Dar ni kama maili 216 za baharini. Chukua mwendo wa noti 100 (maili 100 za baharini kwa saa), si ule wa kwenye kitabu: saa 2 na dakika 10. Hesabu lita 30 kwa saa, ongeza 8 za kuwasha na kupanda, jumla 73. Tangi zikijaa una takribani lita 147 zinazotumika, kwa hiyo unafika Dar na akiba ya saa mbili na ushee. Dar hadi Moshi kwa kupitia Tanga na Korogwe ni kama maili 270, lita 89 hivi. Inafika bila kujaza Tanga.

Hesabu hizo zina maana pale tu unapojua kilichomo. Geji za Cessna ya umri huo ni pambo. Pima kwa kijiti kilichochongwa kwa tangi hilo hilo, na uweke saa mkononi.

Avgas (petroli ya ndege) usidhani ipo, piga simu kabla, tena uulize ni lita ngapi. Ikija kwa pipa la lita 200, tazama lakiri na tarehe, liache pipa litulie, pampu isifyonze mpaka chini, chuja, unganisha waya wa kutoa umeme tuli. Rangi ni buluu. Dondoshea karatasi: ikikauka ikaacha doa la mafuta, imechanganyika na mafuta ya jeti, usiweke.

Njia: shika pwani, Lindi, Kilwa Masoko (kuna kiwanja, kiandike kama pa kukimbilia), Mafia ikibaki kulia. Ile kona ya delta ya Rufiji ni mikoko mitupu, hakuna pa kutua, kwa hiyo uwe juu, futi 4,500. Pwani ina unyevu, na O-300 inasifika kwa kushika barafu kwenye kabureta hata joto likiwa nyuzi 25. Mizunguko ya injini ikishuka yenyewe, vuta hita ya kabureta yote, si nusu. Injini itakohoa kwanza. Iache ikohoe.

Kuanzia Korogwe reli inakuongoza: Mombo, Same, Kahe, milima ya Usambara na Pare ikibaki mkono wa kulia. Usiibane, mchana upepo unavunjikia kwenye miteremko. Ukipita futi 5,000 tazama kibandiko kwenye swichi ya mafuta. 172 nyingi za zamani zinataka uache "yote mawili" na utumie tangi moja, kwa sababu mvuke kwenye mabomba uliwahi kukatisha mafuta.

Msimu: wakati wa kusi, upepo unakusukuma mgongoni tangu Mtwara. Lakini Juni hadi Agosti asubuhi Moshi hufunikwa na wingu la chini mpaka saa nne, tano, siku nyingine mpaka mchana. Kwa hiyo Same ndipo pa kuamua. Usipouona ukingo wa bwawa la Nyumba ya Mungu, geuza. Tanga iko saa moja tu nyuma na mafuta unayo.

Mrukaji_Kiboriloni
Asanteni sana. Viwili vya nyongeza: petroli ya gari, maana injini hii ilitengenezwa kwa oktani 80? Na nikipitiliza hadi Arusha?

Fundi_Karanga
Petroli bila idhini ya maandishi kwa ndege hiyo, hapana. Inachemka mapema kuliko avgas, na wewe tayari una tatizo la mvuke.

Kusi_na_Kaskazi
Arusha ni futi 4,550. Kukiwa na nyuzi 28 hewa inakuwa nyepesi, ndege inajiona iko futi 7,200 na injini imepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu. Kabla ya kupaa hapo, kanyaga breki, toa nguvu yote, punguza mafuta mpaka mizunguko ifike kilele, kisha rudisha kidogo. Ukiacha nobu ya kupunguza mafuta imesukumwa mbele yote kama Mtwara, utaimaliza njia ya kurukia bado uko chini. Moshi, futi 2,800, ina huruma kidogo, ila saa nane mchana nayo inafika 5,300.

Saa_za_Juu
Kuhusu swali lako la siku moja, mimi nasema usifanye hivyo. Saa za kuruka zinatosha, lakini ukiondoka Mtwara saa moja asubuhi, ukajaza Dar, unaingia bonde la Pare mchana, joto na misukosuko juu. Lala Dar. Jioni fundi afungue kofia, apime oili: uwezo wake ni kwati 8 (lita 7.6 hivi), chini ya 6 usiruke. Beba lita 4 za akiba za aina ile ile. Asubuhi ondoka saa mbili, utakuta Same saa nne na nusu, wingu linaanza kupasuka.

Na kabla ya kuingia anga ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) ita mapema kwa redio. Redio ya mwaka 1966 ijaribiwe Mtwara, au ubebe ya mkononi.