Kijana wa saratani ya Hodgkin aliyesafika kwa dawa: apigwe mionzi au aachwe?

Mjomba wa Mkoani: Ndugu zangu, mpwa wangu wa kike, miaka 22, alivimba tezi za shingo, ikaonekana ni saratani ya Hodgkin, ile ya tezi za limfu, hatua ya pili. Kemo, yaani dawa za saratani, amemaliza na kipimo cha PET, picha inayotafuta saratani iliyobaki mwilini, hakionyeshi kitu. Daktari mmoja anataka apigwe mionzi ya kifua, mwengine anasema basi. Mimi nasema aachwe. Mionzi aliyoisimamia daktari Henry Kaplan kule Stanford, Marekani, tangu miaka ya 1960 iliponya watu waliokuwa wakizikwa, sikatai. Lakini walipigwa kuanzia chini ya taya mpaka kifuani, grei (kipimo cha kiasi cha mionzi) 40 na ushei, na madhara yakaja miaka mingi baadaye: saratani ya matiti kwa wasichana waliopigwa kabla ya miaka 30, moyo, tezi ya thairoidi ya shingoni kudhoofika.

Muuguzi wa Wete: Pole, mjomba. Hiyo ni mionzi ya zamani. Wajerumani walionyesha mwaka 2010 kwamba kwa hatua za mwanzo zisizo na dalili za hatari, mizunguko 2 ya ABVD, kemo ya dawa nne, na grei 20 zinatosha. Waingereza nao, mwaka 2015, waliwagawa waliosafika kwenye PET: wengine wakapigwa mionzi, wengine wakaachwa. Baada ya miaka 3, waliopigwa mionzi karibu 95 katika 100 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Walioachwa, karibu 91. Vifo havikutofautiana sana, ila kule anayerudiwa ana pa kukimbilia. Huyu wetu akirudiwa atapandikizwa uloto wapi, na kwa fedha za nani? Nimeona familia ikiuza mikarafuu kwa nauli na malazi ya Dar tu. Apigwe.

Mjomba wa Mkoani: Nzito hiyo. Lakini akipigwa kifuani, kuanzia miaka 8 baadaye matiti yanatakiwa yachunguzwe kila mwaka. Nani atamwita akiwa na miaka 30, mzima, ana watoto?

Bi wa Chake: Mimi nilipigwa nikiwa msichana. Juzi daktari wa moyo kaniuliza: eneo gani, grei ngapi? Kadi yangu imeandikwa "amemaliza mionzi", basi. Akipigwa, msiondoke bila karatasi yenye eneo, kiasi na tarehe. Na mbona sijasikia yeye mwenyewe anasemaje? Mkalisheni kitako, azisikie hizo 95 na 91 kwa masikio yake kabla hajasaini.