Tupeane uzoefu: kupandisha PostgreSQL kwenda toleo jipya kwenye Linux

fundi_seva: Wakuu, databesi ya PostgreSQL 13 iliacha kuhudumiwa Novemba 2025, na ofisini wameamua tuhamie 17. Mashine ya zamani ni Ubuntu 18.04, mpya ni 24.04. Data ni gigabaiti 400 hivi. Waliopita humu, leteni uzoefu.

Bi_Terminal: pg_upgrade, programu ya kupandisha toleo, ukiipa --link, dakika chache umemaliza. Haikopi mafaili, inayaunganisha tu.

mzee_wa_bakapu: Usimponze mwenzio. Ukishawasha seva mpya baada ya --link, ya zamani usiiguse tena. Mambo yakiharibika anarudi wapi?

Bi_Terminal: Kwenye bakapu, mzee. Jina lako linasema hivyo.

mzee_wa_bakapu: Gigabaiti 400 zinarudishwa kwa saa ngapi, wateja wamejaa dirishani?

mama_data: Acheni --link kwanza. Kuna SACCOS waliotoka CentOS 7 kwenda Linux mpya kwa kubeba mafaili ya data kama yalivyo. pg_upgrade ikapita, kila mstari "ok". Asubuhi karani anamtafuta mwanachama, jina linaanza na Ng', mfumo unasema hayupo. Mzee wa watu amesimama pale na kitabu chake cha akiba mkononi! Karani akamsajili upya, na databesi ikakubali namba ileile ya uanachama, yenye kistari, mara ya pili. Hadi tunaitwa, wamesajiliwa upya wengi.

Chanzo ni glibc, maktaba ya msingi ya Linux ambayo databesi huitegemea kupanga herufi. Toleo la 2.28 lilibadilisha mpangilio wa herufi, hasa penye alama kama ' na -. Indeksi, yaani orodha za kutafutia haraka, zilipangwa kwa utaratibu wa zamani, seva inazisoma kwa utaratibu mpya, na pg_upgrade haikagui hilo. Tukaendesha REINDEX ili kujenga indeksi upya, ikagoma kwa sababu namba zilishajirudia. Ikabidi tuzime enable_indexscan, enable_indexonlyscan na enable_bitmapscan ili databesi isitumie indeksi, tusome jedwali zima, tuunganishe akaunti moja moja na daftari la karani pembeni. Akiba za watu zile, huwezi kubahatisha.

kijana_wa_foleni: Pole dada. La Ng' lilitukuta na sisi, kwenye orodha ya wagonjwa.

fundi_seva: Kwa hiyo na mimi nimo? 18.04 ina glibc 2.27.

mama_data: Umo kabisa. REINDEX kabla hujamfungulia mtu yeyote.

mzee_wa_bakapu: Au pg_dump na pg_restore, unatoa data yote na kuiingiza upya, indeksi zinajengwa upya zenyewe. Polepole, lakini unalala.

Bi_Terminal: Unalala kweli, maana gigabaiti 400 utazisubiri usiku kucha.

kijana_wa_foleni: Ukienda na pg_upgrade, malizia na vacuumdb --all --analyze-in-stages. Kabla ya toleo la 18 takwimu za jedwali, ambazo databesi hutumia kupanga utafutaji, hazihami, na bila hizo kila ripoti inakwama.

nahodha_wa_data: Mimi natumia replikesheni ya kimantiki, seva mpya inapokea mabadiliko kutoka ya zamani, huduma inasimama kidogo tu. Ila sikwensi, vihesabu vya kutoa namba mpya, hazihami, zisogeze kwa mkono kabla ya kufungua.

fundi_seva: Nimewasikia. Jumamosi naanza na pg_upgrade --check, ukaguzi usiobadilisha data, kwenye nakala, kisha REINDEX.

mama_data: Tafuta majina ya Ng' kabla hujafungua.