Naombeni ushauri: wiki tatu za likizo Ujerumani, nizunguke nchi tano na wenzangu au nifuate njia ya mjusi wa Tendaguru?

Binti wa Lindi:

Wakuu, habari za wakati huu.

Nipo Leipzig, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nasomea maji na mazingira. Muhula umeisha, Oktoba naanza tasnifu, na hiyo najua itanifungia ndani miezi sita. Wiki tatu za Septemba ndizo pekee nilizobakiwa nazo za kutembea. Mfukoni nina yuro 600 nilizodunduliza kwa kuosha vyombo mgahawani.

Wenzangu wanne wa darasani wamepanga safari ya siku 18: Amsterdam, Brussels, Paris, Milan na Prague. Wanataka jibu langu kabla ya Ijumaa wakate tiketi za basi. Mwanzoni nilikubali kwa furaha kubwa.

Jumamosi iliyopita nikaenda Berlin, makumbusho ya viumbe, kumwona yule mjusi, dinosaria aliyechimbwa kwetu Tendaguru enzi za Wajerumani. Mliokulia Lindi mnajua tulivyolelewa na habari zake. Nilidhani namfahamu. Nilipoingia ukumbini nikasimama chini ya kifua chake, nikainua shingo hadi ikauma na bado kichwa chake sikukiona vizuri. Urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Paja lake peke yake linanipita kimo. Nilikaa pale karibu saa mbili, watoto wa shule wakija na kuondoka, mimi nipo tu.

Nikampigia bibi picha, nikamtumia kupitia simu ya mjomba. Nilikuwa stesheni ya Wittenberg nasubiri kubadili treni ya kurudi Leipzig alipopiga. Hakuuliza mjusi ni mkubwa kiasi gani. Aliuliza hivi: "Na waliombeba wameandikwa, mjukuu wangu?" Yeye anatokea upande wa Mipingo, kijiji jirani na Tendaguru, na wakubwa wake walikuwa wakisimulia juu ya mizigo ile. Nikakosa la kumjibu. Tangu siku hiyo Paris imenitoka moyoni.

Sasa naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, je, ni busara kuacha nchi tano kwa ajili ya kuzunguka Ujerumani hii hii ninayoishi? Pili, kibali changu cha ukaazi kinaisha katikati ya Oktoba. Nikitoka nje ya Ujerumani Septemba kuna tatizo?

Mtembezi:

Dada, mimi nakushauri nenda na wenzako. Berlin unaifikia Jumamosi yoyote kwa tiketi yako ya mwanafunzi, umeshaonyesha mwenyewe. Watu wanne wanaokupenda kiasi cha kukusubiri hadi Ijumaa huwapati kila mwaka. Nilisoma Ufaransa miaka miwili, nikasema nitatembea nikimaliza. Nilipomaliza, pesa ikaisha na viza ikaisha. Italia naiona kwenye ramani mpaka leo.

Mzee wa Pwani:

Binti, shikamoo ya bibi yako naipokea kwa niaba ya wazee wote humu, maana swali lake ni zito kuliko mengi niliyosoma.

Mpe jibu hili la kuanzia. Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, vita vya Maji Maji vikiwa vimekwisha juzi tu, 1907, katika nchi ile ile iliyokuwa imechomwa na kufishwa njaa. Wachimbaji walikuwa mamia ya watu wetu. Wapagazi walibeba mizigo hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu, na jumla ilizidi tani 200. Vitabu vingi huwataja wataalamu wa Kijerumani, Janensch na Hennig, kisha Reck. Lakini mnyapara mkuu wa uchimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hasa, aliyejua kuufukua mfupa bila kuuvunja na kuufunga usiharibike njiani. Mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu *Australodocus bohetii*, kwa heshima yake. Mwambie bibi yupo mmoja aliyeandikwa.

Ukirudi Berlin usiishie makumbusho. Nenda Brunnenstrasse 193. Tazama chini, njiani, utaona kijiwe cha ukumbusho chenye bamba la shaba, upande wake sentimita 10 tu. Ni cha Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuwa mtoto alipotumika pamoja na baba yake upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza. 1929 akaja Berlin kudai mishahara yao, akanyimwa. Akaishi hapo akifundisha Kiswahili, akihudumu mezani, akicheza filamu. 1941 akakamatwa, na 1944 akafia kambi ya Sachsenhausen. Kambi yenyewe ipo Oranienburg, treni ya mjini S1 inafika, na kuingia ni bure. Mimi nilipoinama kusoma kile kijiwe, jani lilikuwa limeganda juu ya jina. Nililibandua kwa ukucha. Sijawahi kusahau.

Kisha nenda Neukölln, mtaa uliokuwa ukiitwa jina la Wissmann, yule kamanda wa Kijerumani aliyemwangamiza Abushiri aliyewapinga pwani. Tangu 2021 unaitwa Lucy Lameck, mwanasiasa wetu. Na upande wa Wedding, sehemu ya barabara iliyokuwa ya Peters, yule mkoloni Carl Peters, imekuwa Maji-Maji-Allee tangu Agosti 2024. Simama chini ya kibao chake usome herufi moja moja. Ni Kiswahili, mwanangu, katikati ya Berlin.

Kadi na Pasi:

Nijibu swali la pili, maana hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoumia.

Kibali cha Ujerumani kikiwa hai, pamoja na pasi ya kusafiria iliyo hai, unaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoungana kwenye mipaka na viza, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Nchi zote kwenye orodha yenu zimo. Uingereza na Ireland hazimo, msije mkajiongezea. Ukirudi kabla ya Oktoba upo salama.

Ila ombi la kuongeza muda lipeleke SASA, kabla hata ya kufunga begi. Ofisi ya wageni huchelewa kutoa miadi. Kibali kikikuishia ukiwa umeshaomba, unapewa karatasi inayoitwa Fiktionsbescheinigung. Angalia kisanduku kilichotiwa alama ndani yake. Kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, aya ya 4, kinakuacha na haki zako za zamani, unaweza kutoka na kurudi. Aya ya 3 haikupi hiyo nafasi. Watu hawasomi, wanaona mhuri tu wanaondoka.

Pasi na kadi vikae mwilini, visikae hosteli. Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Mimi niliteremshwa basini usiku nikitoka Prague kwa sababu kadi niliiacha kwenye begi la rafiki aliyetangulia. Basi liliondoka. Nilikaa kwenye benchi la chuma hadi alfajiri nikisubiri maelezo yangu yahakikiwe, na mtihani ulikuwa saa nne asubuhi.

Mama Wawili:

Nakazia la pasi. Na kwa treni: tiketi ya wanafunzi ya nchi nzima ni ya treni za mikoani, mabasi na treni za mijini tu. ICE na IC, zile treni za masafa marefu, hazimo. Nilipanda IC kimakosa kwa kuwa ilisimama jukwaa lile lile, nikalipa faini ya yuro 60, chakula changu cha wiki mbili. Soma herufi kabla ya namba ya treni: RE, RB na S ndizo zako.

Mtembezi:

Nimesoma maelezo ya Mzee wa Pwani mara mbili. Nabadilisha kidogo ushauri wangu. Prague ni kituo chao cha mwisho, na kutoka Leipzig siyo mbali. Mbona usikutane nao pale? Wewe uanze na Berlin na Potsdam, mmalizie pamoja.

Binti wa Lindi:

Asanteni sana wote. Mzee wa Pwani, nimelia kidogo, sikufichi. Potsdam ina nini, Mtembezi?

Mtembezi:

Ikulu ya zamani ya wafalme, Neues Palais. Hans Meyer, mtu wa hapo hapo kwenu Leipzig, alipofika kilele cha Kilimanjaro Oktoba 1889 alichukua jiwe la juu kabisa akampa Kaisari, likatiwa kwenye ukuta wa ukumbi wa makombe ya bahari. Lile la asili lilipotea baadaye. Kaangalie mahali palipokuwa.

Binti wa Lindi:

Basi nimeamua. Leo asubuhi nimepeleka ombi la kibali kwa mtandao, uthibitisho nimeuchapisha. Wenzangu nimewaambia: mmoja alinuna, watatu wamesema tutaonana Prague tarehe 20, na mmoja kati yao ameomba kuja nami Berlin siku mbili za kwanza.

Jioni nilimpigia bibi nikamsomea jina: Boheti bin Amrani. Alinyamaza. Kisha akaniambia nilirudie polepole, akawa analitamka kumwambia mtu aliyekuwa pembeni yake. Ameniagiza nimtafutie na mengine. Mzee wa Pwani, nikifika kule makumbusho nimuulize nani kuhusu orodha za wapagazi?

Mzee wa Pwani:

Usiulize mlangoni. Waandikie wiki moja kabla, watu wa kumbukumbu za kale, eleza kwamba wewe ni mjukuu wa watu wa Mipingo na unachotafuta ni majina ya wachimbaji na wapagazi wa Tendaguru. Andika kwa Kijerumani, na chini yake weka Kiswahili. Nitumie rasimu ujumbe wa faragha leo usiku, nikupitishie macho.