Mabanio ya Usangu yafungwe kiangazi ili Ruaha Mkuu utiririke?

Mpima Geji

Wadau, hoja mezani ni hii. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu 1993 hukatika karibu kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto ungekuwa umerudi hali yake. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, akaunda kikosi kazi. Maji bado yanakatika.

Msimamo wangu: kuanzia Agosti mabanio ya bonde la Usangu, juu ya hifadhi (kuta zinazokinga mto ili maji yaingie mifereji ya mpunga), yabanwe mpaka mvua zishike, na kila banio liachie kiasi kinachopimwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inatenga kwanza maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu na ya viumbe wa mtoni. Kibali cha mpunga kinafuata baada ya hapo.

Tuelewane kuhusu mahali penyewe. Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha wenyewe hushuka kutoka milimani, hupita mabanio ya mpunga, ndipo huingia Ihefu, kinamasi cha Usangu. Ndembera unaingia kwa upande wa Madibira. Maji ya Ihefu yana mlango mmoja tu wa kutokea, kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Uso wa maji ukishuka chini ya mwamba huo, halivuki hata tone, ingawa nyuma yake kuna maji kilomita nyingi.

Hapo ndipo hesabu inapowashangaza wengi. Kiangazi, uso wa maji hupoteza kwa mvuke takriban milimita 7 kwa siku. Kwa kilomita moja ya mraba hiyo ni mita za ujazo 7,000 kwa siku, sawa na lita 81 kwa sekunde. Chukua Ihefu iliyosinyaa hadi kilomita za mraba 80: mvuke peke yake unachukua mita za ujazo 6.5 kwa sekunde. Ndiyo maana watafiti walipotaka nusu mita ya ujazo kwa sekunde itoke Ng'iriama, walikuta lazima ziingie kama 7. Anayesema "tuachie nusu tu, inatosha" hajahesabu.

Jaruba Kumi

Mkuu, hesabu nimeikubali, ila umeruka jambo moja. Mifereji ya Usangu si ya mpunga peke yake. Vijiji vingi vinachota humo maji ya kunywa, kufua na kunyweshea mifugo. Ukifunga banio Agosti, umemfungia mama mwenye ndoo.

Tena kishawishi cha Oktoba na Novemba ni bei. Anayewahi kitalu na kupandikiza mapema huvuna mapema na kuuza kabla soko halijajaa, na wakati huo ndio mto uko chini kabisa. Amri bila mbadala itavunjwa usiku.

Mpima Geji

Hoja ya maji ya kunywa ni ya kweli, na ndiyo inayonifanya nidai mabomba kwanza. Sera ya maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku. Watu 50,000 wanahitaji mita za ujazo 1,250 kwa siku, yaani chini ya lita 15 kwa sekunde. Mfereji wa udongo hauwezi kufikisha lita 15 mwishoni bila kuingiza mamia mwanzoni. Mengine yananywewa na kingo, yanaishia kwenye mashamba yaliyovunwa, yanaotesha magugu. Kisima kirefu au bomba la mserereko kutoka mlimani linarudisha mtoni karibu maji yote hayo. Ila bomba litangulie, banio lifuate. Utaratibu huo ukigeuzwa, nitakuwa upande wako.

Kambale wa Ihefu

Naomba tuseme pia maji haya yanafanya nini mtoni, maana watu wanadhani ni ya kunywesha tembo tu.

Mto ukikatika yanabaki madimbwi. Viboko wote wa eneo hukusanyika humo, na kinyesi chao, ambacho mto unaotiririka ungekisambaza, kinalundikana. Bakteria wanaokiozesha wanamaliza oksijeni. Utafiti uliochapishwa 2018 kutoka mto huuhuu ulionyesha kwamba katika madimbwi ya viboko aina za samaki zinapungua pale maji yanaposimama, na perege ni miongoni mwa wanaoumia. Kambale anavumilia kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu.

Kwa hiyo maji yanayotembea yana thamani kuliko maji mengi yaliyosimama. Hata mtiririko mwembamba unaounganisha dimbwi na dimbwi unaleta oksijeni na kumpa samaki njia ya kuhama.

Angalizo kwa watakaosimamia milango: msifungulie ghafla baada ya wiki za ukavu. Wimbi la kwanza linasukuma uozo wote kwa pamoja hadi madimbwi ya chini na kuua samaki walionusurika. Ongezeni kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Na msifunge ghafla pia, vifaranga wanabaki kwenye mchanga.

Nguvu za Maji

Mnazunguka bure. Lijengwe bwawa kwenye Ndembera pale Lugoda, lijae masika, liachie kiangazi. Mkulima analima, mto unatiririka, na bwawa la Mtera, lililo chini ya mto, linapata maji ya umeme.

Mpima Geji

Mtera iondoe kwenye hoja hii. Nusu mita ya ujazo kwa sekunde kwa siku 100 ni mita za ujazo milioni 4.3. Bwawa la Mtera linahifadhi zaidi ya bilioni tatu, na linajazwa na masika. Kuwalaumu wakulima wa kiangazi kwa mgawo wa umeme ni kuwaonea. Maji haya yadaiwe kwa ajili ya mto wenyewe.

Bwawa la Lugoda silipingi moja kwa moja. Lakini likiwa na toleo (mdomo wa kutolea maji) moja tu chini kabisa, litatoa maji ya baridi yasiyo na oksijeni. Linahitaji matoleo ya vina tofauti. Na maji yake lazima yalindwe na kibali, la sivyo yatachukuliwa na mabanio mapya kabla hayajafika Ihefu.

Mfugaji Halisi

Mbona hamsemi 2006? Wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao kwa jina la mto huu, na 2008 eneo likaunganishwa na hifadhi. Mto ukaendelea kukauka. Ng'ombe mmoja hunywa kama lita 40 kwa siku. Ng'ombe laki moja ni lita 46 kwa sekunde, uvujaji wa banio moja tu bovu. Kukanyaga kingo na kuchafua ni hoja ya haki, na dawa yake ni njia maalumu za kushukia na birika pembeni. Lakini ukame wa mto hatukuusababisha sisi kwa midomo ya ng'ombe.

Jaruba Kumi

Hapo nakuunga mkono. Na nikiri jambo la upande wetu wa umwagiliaji: mabanio ya zege yameongeza tatizo. Banio la asili la miti, mawe na majani lilivuja, na maji yaliyovuja ndiyo yaliyokuwa mto wa kiangazi. Zege halivuji. Maji yakipungua, linachukua yote.

Marekebisho yapo na si ghali. Toboa ukuta wa banio, tundu lisilo na mlango, ili lisitegemee mtu wala ufunguo. Tundu la sentimita 23 kwa 23, kitovu chake kikiwa nusu mita chini ya uso wa maji, hupitisha takriban lita 100 kwa sekunde. Liweke chini kuliko mlango wa mfereji, ili maji yakiwa haba mto upate kwanza. Mbele yake weka nondo za kuzuia magogo. Litaziba kwa mchanga na majani, kwa hiyo jumuiya ya watumia maji ilizibue kila wiki, na wa chini ya mto wawe na haki ya kukagua.

Upande wa shamba, kilimo shadidi: mche mmoja wa siku 8 hadi 12, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, jaruba linalosawazishwa vizuri na kuloweshwa kwa zamu badala ya kufurikishwa muda wote. Kitalu kinakuwa kidogo sana, nacho ndicho kinachogombania maji ya Novemba. Tabu yake ni magugu, kwa sababu maji hayayafuniki tena. Bila mashine ya kupalilia wengi watarudi kufurikisha.

Kambale wa Ihefu

Tundu nakubali, kwa sharti kwamba kipimo kiwe kwenye geji (vipimo vya maji ya mto) za Ng'iriama na za Msembe ndani ya hifadhi, si kwenye banio. Lita 100 zilizopita juu zinaweza kuchukuliwa kilomita mbili chini kwa pampu. Geji zote mbili zisomwe kila siku kuanzia Agosti, na namba zibandikwe ofisi za vijiji.

Mfugaji Halisi

Na ofisi za kata za wafugaji pia.